Unatafuta makala za kitaaluma kuhusu kuchati na mawasiliano ya mtandaoni? Anza na maneno unayotafutia

Kila msimu wa propozo ukifika kilio ni kile kile, mtu ana topiki nzuri kabisa, anataka kuandika kuhusu lugha ya WhatsApp au vijana wanavyochati au mambo ya magrupu ya familia, halafu anakuja kusema vyanzo hakuna, na supavaiza anamrudishia kazi kwa sababu sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, imejaa blogu na Wikipedia. Jamani vyanzo vipo, tena vingi mno, na sehemu kubwa ni bure. Kinachokwamisha watu ni maneno wanayoandika pale kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtafiti aliyeandika mwaka 1996 hakutumia neno "social media" kwa sababu enzi hizo hakuna aliyekuwa analitumia, sasa wewe ukimtafuta kwa jina la leo utazunguka wiki nzima na yeye yupo hapo hapo.

Kwa hiyo kabla hata hujafungua Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, jua kitu chako kiliitwaje kwa miaka tofauti. Miaka ya 80 na 90 watafiti haya mambo yote waliyaita "computer-mediated communication", kwa kifupi CMC, na jina hilo linatumika mpaka leo, yaani ukiamua kubaki na neno moja tu basi liwe hilo. Makala ya kipindi hicho ikisema "chat", mara nyingi inazungumzia Internet Relay Chat, au IRC, mfumo alioutengeneza Jarkko Oikarinen pale Oulu, Ufini, mwaka 1988, ambapo watu wengi wasiojuana wanaingia chumba kimoja na kuandikiana kwa majina ya kubuni. Halafu zikaja programu za kuchati kama ICQ mwaka 1996, AIM mwaka 1997, MSN Messenger mwaka 1999, hapo jina likahamia kwenye "instant messaging", na mazungumzo sasa ni ya marafiki na wanafunzi wanaofahamiana. Wakati huo huo simu za mkononi zikashika kasi, wengine wakawa wanatafiti "text messaging", "texting" na "SMS", na huku kwetu Afrika hilo ndo jina lenye mzigo mkubwa maana wengi tuliingia kwenye simu kabla ya kompyuta. WhatsApp imeanza 2009, kwa hiyo usitegemee kuona kitu chochote cha maana kuhusu WhatsApp kabla ya hapo, na kuanzia miaka ya 2010 utakutana na "digital discourse", "mobile instant messaging" na "social media".

Chukua daftari, andika topiki yako kwa majina hayo yote. Kama unataka kujua watu wanavyopokezana zamu kwenye grupu la WhatsApp, usitafute "WhatsApp group" peke yake, tafuta "turn-taking" pamoja na "chat", kisha "turn-taking" pamoja na "instant messaging", kisha "coherence", yaani mazungumzo yanavyoshikamana, pamoja na CMC. Ni kazi ya dakika kumi tu ila itakufungulia maandiko ya miaka thelathini.

Kuna tatizo jingine jipya kidogo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, ukiandika neno "chat" peke yake unamwagiwa makala za akili mnemba na roboti za kuongea na wateja, watu wanaochati wenyewe kwa wenyewe huwaoni kabisa. Dawa yake ni alama ya kutoa. Andika "online chat" ndani ya alama za kunukuu, kisha ongeza -chatbot -GPT, kila moja ikiwa imegusana na hiyo alama bila nafasi katikati. Au weka ukomo wa miaka, kwa mfano 1990 mpaka 2021, utaona matokeo yanavyobadilika hapo hapo. Alama za kunukuu nazo ni muhimu kwa sababu bila hizo mashine inatafuta kila neno kivyake. Ukitaka kazi za mtu fulani andika author: halafu jina lake la ukoo, kwa mfano author:herring, ukiongeza na CMC mbele yake unapata za huyo huyo unayemtaka na si Herring wengine wa biolojia ya samaki. Na kama upo kwenye simu, fungua kwa mwonekano wa kompyuta, vile vichujio vya miaka unaviona vizuri zaidi.

Sasa hapa ndo penye utamu wenyewe, na ni sehemu ambayo wengi wanaipita haraka. Hauhitaji kupata makala hamsini kwa kutafuta. Unahitaji kupata moja nzuri, ile moja ikupeleke kwa nyingine. Nitakuonyesha kwa mfano mmoja nikiutembea taratibu.

Angalia mazungumzo haya ya grupu, ni ya kutunga ila kila mtu ameshayaona:

Wa kwanza: Jumamosi tunaanza saa ngapi?
Wa pili: Nani analeta masufuria?
Wa tatu: Saa nne
Wa nne: Mimi
Wa kwanza: Sawa

Hiyo "mimi" ni jibu la masufuria lakini imekaa chini ya saa nne. Na hiyo "sawa" haijulikani ni sawa ya muda au sawa ya masufuria. Ana kwa ana hali hii si rahisi kutokea, mtu akiuliza swali anayejibu anajibu hapo hapo na wengine wanasubiri. Jambo hili Susan Herring, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Indiana kule Marekani, alilichambua kwenye makala yake ya mwaka 1999 inayoitwa "Interactional Coherence in CMC", iliyotoka kwenye Journal of Computer-Mediated Communication. Alionyesha kwamba kwenye chat zamu zinavurugika kwa sababu mfumo unapanga meseji kwa muda zilivyofika, sio kwa maana, tena mtu haoni mwenzake anaandika nini mpaka atume, lakini pamoja na vurugu hiyo watu wanaendelea kuchati na wanapenda, wanatafuta njia zao za kushika uzi wa mazungumzo.

Umeipata hiyo moja. Fanya vitu viwili. Kwanza shuka mpaka kwenye orodha ya rejea mwishoni, hapo utakutana na waliotangulia, mmojawapo ni Christopher Werry aliyeandika kuhusu lugha ya IRC ndani ya kitabu alichohariri Herring mwenyewe mwaka 1996. Pili rudi Google Scholar, chini ya jina la makala kuna maneno "Cited by" na namba, bonyeza hapo, unaletewa kila aliyeitaja makala hiyo tangu 1999 mpaka leo. Watakuwa wengi sana, usiogope, kuna kisanduku cha kutiki kinachokuruhusu kutafuta ndani ya hao hao tu. Tiki, andika WhatsApp, na sasa unao watu waliochukua swali la 1999 wakaliuliza kwenye simu za leo. Hapo hapo na wewe unaweza kupata swali lako, mfano ile huduma ya kutelezesha meseji ili uijibu yenyewe, je inaondoa ule mvurugano au watu hawaitumii hata ikiwepo? Swali hilo unaweza kulipima kwa grupu moja tu la darasa lako wakikukubalia, na lina mizizi kwenye maandiko, supavaiza hana cha kukurudisha.

Njia hii ya kwenda nyuma kwa rejea na kwenda mbele kwa waliotaja ndo inayofanya kazi kuliko zote. Mtu anayetafuta tu kwa maneno anapata vipande, anayefuata nyayo anapata mjadala mzima, nani alisema nini na nani akampinga.

Na mijadala ya kufuata ipo. Mmoja ni huu wa kama mawasiliano ya maandishi ni ya baridi. Mwaka 1986 Lee Sproull na Sara Kiesler waliandika kuhusu barua pepe kazini, wakasema kwa kuwa huoni uso wala cheo wala mazingira ya mwenzako, watu wanajisahau na wanakuwa huru kupita kiasi. Miaka kumi baadaye, 1996, Joseph Walther akaja na hoja ya "hyperpersonal", kwamba maandishi yanaweza hata kuwasogeza watu karibu kuliko ana kwa ana, kwa sababu mwandishi anapata muda wa kuchagua maneno na kujionyesha kwa upande wake mzuri, na msomaji naye anajaza mapengo kwa kumfikiria mwenzake vizuri. Ukiandika kuhusu mapenzi ya mtandaoni, matapeli wa kimapenzi, au watu wanaogombana kwenye magrupu, makala hizi mbili huwezi kuziruka.

Mjadala mwingine ni ule wa lugha kuharibika, na huu naupenda kwa sababu walimu wa Kiswahili wanausema kila siku, kwamba hizi "xaxa", "cjui", "2po pamoja" zinaua lugha. Mwaka 2008 Sali Tagliamonte na Derek Denis walichapisha kwenye jarida la American Speech utafiti wa vijana wa Toronto, Kanada, walikusanya zaidi ya maneno milioni 1 ya chat zao, na vile vifupisho na "lol" ambavyo kila mtu anavipigia kelele vilikuwa chini ya asilimia 3 ya maneno yote. Sasa hiyo ni Kiingereza cha Toronto, hairuhusiwi kuhamishia Dar au Mombasa moja kwa moja, lakini inakupa njia ya kuhesabu. Ukihesabu kwa Kiswahili utapata asilimia ngapi? Hilo ni swali la utafiti lenye afya kabisa.

Majarida ya kuzoea. Journal of Computer-Mediated Communication imekuwepo tangu 1995, ilizaliwa mtandaoni, na makala zake zinasomwa bure. Ila ujue imehamahama, iliwahi kukaa kwenye tovuti ya chuo cha Indiana, ikaenda kwa Wiley, sasa ipo Oxford University Press, kwa hiyo anwani za zamani unazozikuta kwenye rejea za watu nyingi zimekufa. Usikate tamaa, nakili jina la makala lenyewe utafute upya, au ibandike ile anwani ya zamani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, mara nyingi nakala ipo. Language@Internet ni bure pia na ni ya lugha tupu. First Monday ilianza 1996 nayo ni bure, ina mambo mengi ya jamii na intaneti. Social Media + Society, bure. New Media & Society na Discourse, Context & Media ni nzuri sana ila nyingi ni za kulipia, nitakuambia chini namna ya kuzipata kihalali.

Kwa upande wa Afrika watu wanadanganyana kwamba hakuna kitu. Ana Deumert aliyeko Chuo Kikuu cha Cape Town ameandika sana kuhusu simu na lugha, yeye na Sibabalwe Oscar Masinyana walitoa mwaka 2008 makala kuhusu SMS za Kiingereza na Kixhosa, na mbinu zao unaweza kuzichukua kwa Kiswahili na Kiingereza. Kristin Vold Lexander ametafiti meseji za Dakar, Senegal, watu wanavyochanganya Kiwolof na Kifaransa. Kwa Kiswahili cha vijana anza na Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, makala yao ndefu ya mwaka 2006 kuhusu lugha ya mitaani Tanzania ipo bure kwenye jarida la Swahili Forum, haizungumzii chat lakini bila kujua misimu inaundwaje mtaani utashindwa kueleza inavyotumika kwenye simu. Kwa Kenya kuna kitabu cha Chege Githiora kuhusu Sheng cha mwaka 2018, na mwaka huo huo Nanjala Nyabola alitoa chake kuhusu siasa za Kenya na mitandao.

Mahali pa kuchimba ni AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na makao yake yapo Afrika Kusini, nyingi zinapakuliwa bure. Halafu kuna hifadhi za tasnifu za vyuo vyetu, Dar es Salaam, Dodoma, Chuo Kikuu Huria, Nairobi, Kenyatta, Makerere. Hizi Google Scholar hazishiki zote, kwa hiyo tumia Google ya kawaida kwa ujanja huu: andika site:ac.tz kisha WhatsApp Kiswahili, au site:ac.ke kisha Sheng "social media", itakuletea kurasa za vyuo vya nchi hiyo tu, ukiongeza filetype:pdf unapata mafaili yenyewe. Na tafuta kwa Kiswahili jamani! Andika "mitandao ya kijamii", "ujumbe mfupi", "arafa", "lugha ya vijana", kwa sababu kuna tasnifu zimeandikwa Kiswahili mwanzo mwisho na wanaotafuta kwa Kiingereza hawazioni. Kwa Kiingereza nako weka Swahili OR Kiswahili, hiyo OR iwe kwa herufi kubwa, maana waandishi wamegawanyika na ukiandika moja unakosa nusu.

Tasnifu ya uzamili ina faida moja zaidi, sura yake ya pili imeshakukusanyia rejea. Usiinakili, ila pitia orodha yake uone ni zipi hujazisoma. Ziende usome mwenyewe, usimtaje mtu ambaye hujamsoma kwa kutegemea alivyosemwa na mwingine.

Makala ikikudai dola 40, tulia. Kwanza angalia kulia kwa matokeo ya Google Scholar kama kuna PDF, na bonyeza "All versions" chini yake, mara nyingi mwandishi ameweka nakala kwenye tovuti ya chuo chake. Pili, kama unatumia kompyuta weka Unpaywall, kiongezo cha bure cha kivinjari, ikiwa nakala halali ya bure ipo popote kinatokea kikufuli cha kijani. Tatu, CORE inakusanya makala za bure kutoka hifadhi za vyuo duniani. Nne, JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida, ukifungua akaunti ya bure unaruhusiwa kusoma mtandaoni makala hadi 100 kwa mwezi. Tano, nenda maktaba ya chuo chako ukaulize kwa mdomo kama wamo Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei ndogo, na kama kuna paswedi ya kuingilia ukiwa nyumbani, wanafunzi wengi wanamaliza chuo hawajui kwamba ada yao ilishalipia vitu hivyo. Ikishindikana zote mwandikie mwandishi barua pepe, mistari minne inatosha: wewe ni nani, upo chuo gani, unatafiti nini, unaomba nakala ya makala ipi. Watafiti wengi wanafurahi kusomwa na wanaruhusiwa kukutumia.

Kuhusu kuuliza akili mnemba ikupe orodha ya vyanzo, hapa niwe mkali kidogo. Inaweza kukutungia makala ambayo haipo, jina la mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoaminika, ila makala yenyewe hewa. Kila rejea uliyopewa na mashine, au hata na rafiki, ihakiki. Makala nyingi za siku hizi zina namba ya DOI, namba ya utambulisho wa makala, inayoanza na 10, ibandike kwenye doi.org, ikifunguka kwenye makala nyingine au isifunguke kabisa, achana nayo. Za zamani zisizo na DOI tafuta jina lake kamili ndani ya alama za kunukuu, na kama haionekani popote zaidi ya kwenye jibu la mashine, hiyo haipo.

Halafu kuna majarida ya kitapeli, yale yanayokuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, jina linaanza na "International Journal" na ndani yake kuna kilimo, sheria, uhandisi na isimu kwa pamoja. Ukikuta makala ya chat humo, angalia jarida kama limeorodheshwa DOAJ, orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa, angalia wahariri ni watu wanaojulikana kwenye fani, na soma sehemu ya data. Makala inayosema "vijana wanaharibu lugha" bila kukuambia imekusanya meseji ngapi, za nani, mwaka gani, kwa ruhusa gani, haina uzito hata ikiwa imechapwa wapi.

Kusoma nako usisome kama riwaya. Anza na ikisiri, kisha ruka uende kwenye data na mbinu, kisha matokeo, ndo urudi mwanzo kama imekufaa. Kila makala iandikie mistari mitatu, swali lao, data yao, walichokuta, na kurasa. Rejea zenyewe zitunze kwenye Zotero, programu ya kutunza rejea ambayo ni bure, inakupangia kwa APA au mtindo wowote chuo kinataka na hautakesha usiku wa mwisho ukitafuta mwaka wa makala.

Ukifika hatua ya kukusanya meseji zako mwenyewe, soma miongozo ya maadili ya Association of Internet Researchers, ipo mitatu, ya 2002, 2012 na 2019, yote inapatikana bure na inatajika kwenye tasnifu kama chanzo. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo kuwa memba wa grupu hakukupi ruhusa ya kuchukua meseji za wenzako. Omba ruhusa kwa maandishi, kwa kila mmoja, sio kwa admini tu. Futa majina, namba na picha za wasifu kabla hujamwonyesha mtu yeyote. Na kama umenukuu kitu kilichoandikwa hadharani neno kwa neno, jua mtu anaweza kukibandika kwenye Google akampata mwenye nacho kwa sekunde chache, kwa hiyo kwa mada nyeti kama ugonjwa, ndoa au siasa, fupisha au geuza maneno kidogo bila kuvuruga maana, na kwenye sura ya mbinu ueleze kwamba umefanya hivyo na kwa nini.